Mpiga Picha wa Ridhaa katika Nyanda za Juu za Kusini

Mtu afanyaye mchezo au sanaa pasipo kuitegemea kwa riziki yake, Kiswahili cha Tanzania humwita mtu wa ridhaa. Twasikia habari za mabondia wa ridhaa, na vivyo hivyo twaweza kusema mpiga picha wa ridhaa. Kifaransa na Kiingereza vina jina lao kwa mtu wa namna hiyo, nalo latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kupenda. Kiswahili kilipita njia nyingine. Kilitwaa neno la asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni radhi ya moyo, tena ni kukubali jambo pasipo kushurutishwa. Mtu wa ridhaa basi ni yule ambaye hakutumwa na mwajiri wala na njaa. Ametumwa na hiari yake mwenyewe.

Lakini upigaji picha una jambo moja ambalo ndondi hazina. Bondia hupigana na mtu aliyepanda ulingoni kwa hiari yake pia. Mpiga picha aweza kumpiga picha mtu asiye na habari, au mwenye habari lakini asiye na uwezo wa kukataa. Kwa hiyo neno letu laleta swali ambalo lile la Kilatini halileti: ridhaa ya nani?

Makala haya yachunguza swali hilo katika nchi ya Iringa na Mbeya, ambako historia ya picha imekwisha kupita miaka mia na ishirini. Nitaeleza kwanza habari za chombo, kisha habari za mtu mmoja aliyekuja nacho mwishoni mwa karne ya 19, kisha za watafiti wawili waliofika baada ya miaka ipatayo arobaini. Mwisho, kwa kuwa si haki kuwapima wengine na kujificha mwenyewe, nitaeleza niliyoyatenda mimi. Kwa kawaida twasema ya kuwa mpiga picha hukua kwa mazoezi, kwa mafunzo, na kwa kupiga mambo ya namna nyingi. Nakubali yote matatu. Nataka kuonyesha ya kuwa hayatoshi.

Hapo mwanzo upigaji picha haukuwa kazi ya mtu wa ridhaa hata kidogo. Kwa njia iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, mpigaji alipaswa kupaka kioo dawa, kukitia katika kamera kikiwa kibichi, na kukisafisha kabla hakijakauka. Msafiri alilazimika kuchukua hema la giza na chupa za dawa popote aendapo. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza njia ya kutumia jelatini, na katika miaka iliyofuata viwanda vikaanza kuuza vioo vikavu vilivyo tayari. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akaleta kamera ya Kodak yenye mkanda ndani yake, na mwaka 1900 kampuni yake ikauza kamera ya Brownie kwa dola moja. Tangu hapo daktari, askari, mmisionari na hata mtoto wa shule waliweza kuwa wapiga picha.

Mafunzo nayo hayakukosekana. Mjini Berlin, Hermann Wilhelm Vogel alikuwa akifundisha elimu ya picha, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Alfred Stieglitz, kijana Mmarekani ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika sanaa hiyo. Kwa wasafiri wa kisayansi kulikuwa na mwongozo wa mwaka 1875 uliohaririwa na Georg von Neumayer. Ndani yake daktari Gustav Fritsch, aliyepata kusafiri na kamera kusini mwa Afrika, alieleza matumizi ya vyombo viwili kwa pamoja: hadubini na kamera. Msomaji na auangalie ujirani huo wa vyombo viwili. Kitu kiwekwacho chini ya hadubini hakiulizwi kama kinakubali.

Sasa twaja kwa mtu wetu. Friedrich Fülleborn alizaliwa mwaka 1866 na kusomea udaktari. Mwaka 1896 alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani akiwa daktari wa jeshi la kikoloni, akakaa mpaka 1900. Katika muda huo alishiriki katika uchunguzi wa kisayansi wa nchi za Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga. Hakuwa mtu wa studio. Kazi yake ilikuwa magonjwa, na aliporudi kwao aliingia katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Hamburg, akawa mkurugenzi wake tangu 1930 mpaka alipofariki mwaka 1933. Hata hivyo picha zake ni miongoni mwa hazina kubwa za picha za kale tulizo nazo za nchi hii.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Vioo ni vizito na huvunjika. Huchukuliwa kichwani mwa mpagazi, mlima kwa mlima. Jelatini hulegea katika maji ya moto, na huko pwani utando wa picha uliweza kuteleza na kuondoka juu ya kioo wakati wa kusafishwa. Katika jambo hilo nchi ya juu ilikuwa na heri yake. Iringa iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,600, nao mji wa Mbeya, ambao haukuwapo bado, ungekuja kujengwa juu zaidi ya hapo. Maji ya usiku huko ni baridi, na usiku ndiyo saa ya kusafisha. Lakini kulikuwa na shida nyingine. Vioo vya kawaida vya zamani zile viliona zaidi mwanga wa buluu, na rangi nyekundu na ya kahawia havikuiona vema. Mwaka 1873 Vogel alikuwa amegundua namna ya kuongeza uwezo huo kwa kutia rangi katika dawa, lakini nyekundu iliendelea kuwa taabu kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu, na uso wa mtu mweusi ulitoka mweusi kuliko ulivyo, alama zake ndogo zikipotea. Mpigaji aliyetaka kuuonyesha uso huo sawasawa ilimpasa kujifunza kungoja, kuchagua kivuli, na kukiacha kioo kipate mwanga zaidi. Mazoezi yalikuwa na maana hasa.

Fülleborn alitoa vitabu viwili vikubwa juu ya nchi hizi. Cha kwanza, cha mwaka 1902, chahusu maumbile ya miili ya watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa. Humo watu waonekana kwa desturi ya elimu ya zama zile: uso kwa mbele, uso kwa upande, na vipimo. Cha pili, cha mwaka 1906, pamoja na atlasi yake ya picha, chahusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma. Humo jicho limepanuka. Mna milima, nyumba, zana, kazi na mapambo. Mna Wahehe, Wabena, Wasangu, Wakinga na wale ambao Wajerumani waliwaita Wakonde, yaani Wanyakyusa wa leo. Tukipima kwa wingi wa mambo yaliyopigwa, tutasema ya kuwa mtu huyu alivuka mbali kutoka kichwa kilichopimwa mpaka nchi nzima inayoishi.

Lakini tuyatazame maneno yaliyo chini ya picha za namna hiyo. Desturi ya vitabu vile ilikuwa kuandika kabila: mwanamke wa Kihehe, mwanamume wa Kikonde. Mtu aliyesimama mbele ya kamera alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, na pengine jina la sifa, na ukoo uliojulikana bonde zima. Kioo kilichukua alama za uso wake, na kalamu ikaliacha jina lake. Tena tukumbuke wakati wenyewe. Wahehe waliishinda kolamu ya Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Mkwawa akajiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Fuvu lililopokewa Kalenga mwaka 1954 kuwa ndilo lake lilitoka katika jumba la makumbusho la Bremen. Katika nchi ambayo kichwa cha mtawala chaweza kusafirishwa, mtu wa kawaida aambiwapo na daktari wa jeshi asimame, ageuke, asitikisike, kukubali kwake hatuwezi kukuita ridhaa. Sisemi ya kuwa Fülleborn alikuwa mkatili kwa kila aliyempiga picha. Nasema ya kuwa ridhaa iliyokuwa na uhuru kamili pale ilikuwa ya upande mmoja.

Baada ya miaka ipatayo arobaini walifika Unyakyusa watafiti wengine wawili. Godfrey Wilson alianza kazi yake mwaka 1934, na Monica Hunter, aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1908, akajiunga naye baada ya kuoana mwaka 1935. Walikaa huko, kwa vipindi, mpaka 1938. Wao walijifunza Kinyakyusa, wakaandika maneno ya watu kama walivyoyasema, wakisaidiwa na makarani wenyeji. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyeyatoa matokeo ya kazi yao katika vitabu vilivyofuatana, cha kwanza mwaka 1951.

Kitabu hicho cha 1951 kimekitwaa kichwa chake katika fikira ya Kinyakyusa, *ukwangala*. Neno hilo lahusu kukaa pamoja na wenzi, kuzungumza, kula na kunywa pamoja kwa furaha ya ujirani, jambo lililokuwa msingi wa vijiji vyao vya marika. Hebu tufikiri mpiga picha hodari kuliko wote amepita mahali hapo asijue neno hilo. Ataona wanaume wanne wamekaa kivulini kando ya migomba. Atapiga picha safi, mwanga mzuri, mpangilio mzuri, na chini yake ataandika ya kuwa ni wanaume wakipumzika. Picha haina kosa lolote, na maelezo yake ni ya uongo. Wanaume wale hawakupumzika. Walikuwa wakiutimiza wajibu mmoja mkubwa wa maisha yao. Kamera haiwezi kumfundisha mtu jambo hilo, wala darasa la kamera haliwezi. Hapana budi lifundishwe na wenye lugha.

Wakati huohuo watu wa miji walikuwa wakianza kuimiliki picha kwa njia nyingine. Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930. Na katika miji ya bara, Iringa na Mbeya zikiwemo, studio zilikuja kuwa sehemu ya maisha. Mtu aliyekwenda studio alivaa nguo aliyoichagua, akasimama na aliyempenda, mbele ya pazia alilolitaka. Hapa mwanafunzi wa lugha aona jambo la ajabu kidogo. Katika Kiswahili tendo la kupiga halina lazima ya kuumiza: twapiga hodi, twapiga pasi, twapiga magoti. Lakini katika kupiga picha, ni nani apigaye? Mtu atokaye studio husema, “Nimekwenda kupiga picha,” hali aliyebonyeza kamera ni fundi. Yeye aliyesimama mbele ya kamera ndiye mtendaji. Na mtu aliyepigwa njiani pasipo kuulizwa husema, “Nimepigwa picha.” Basi hali ya kutenda na ya kutendwa, ambazo twawafundisha wanafunzi kwa mifano mikavu ya sungura na fisi, katika habari hii zaweka mpaka wa ridhaa. Lugha imekwisha kulijibu swali letu, nasi hatukuisikiliza.

Mimi mwenyewe sikuisikiliza. Nilipokuwa ng’ambo kwa masomo ya udaktari wa falsafa, nilijiandikisha katika darasa la jioni la upigaji picha. Nilitaka kujaza saa za giza za majira ya baridi, tena nilijua ya kuwa nitahitaji picha kwa utafiti wa msamiati. Mwalimu wetu alitulazimisha kuanza kwa mkanda mweusi na mweupe, picha chache tu kwa juma, na kila picha tuiandikie katika daftari saa, mwanga na sababu ya kuipiga. Nilijifunza kuvipima vivuli na kungoja. Nilirudi nyumbani nikiamini ya kuwa nimekwisha kujua.

Mwanzo nilipiga nchi, kwa sababu nchi haina haya. Nilipiga nguzo za udongo za Isimila, karibu na Iringa, jua la asubuhi likizigawa nusu nuru na nusu kivuli. Nilipiga mlima Loleza juu ya mji wa Mbeya mwezi wa Juni, ukungu ukiwa chini ya miti. Nilipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji wa Iringa, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo. Kila safari picha zilikuwa bora kuliko zilizotangulia. Kisha nikaingia sokoni.

Nilikuwa nikikusanya maneno ya ususi wa vikapu vya Iringa, vile visukwavyo kwa majani ya milulu. Siku ya kwanza nilimwona bibi mmoja amekaa, mikono yake ikienda upesi, nuru ikimjia kwa upande kama darasani. Nilisimama mbali nikampiga picha mara kadhaa. Alipoinua macho alisema kwa Kiswahili, bila hasira, “Mwanangu, umenichukua wala hukuniamkia.” Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nilicheka, nikamwomba radhi, nikamsalimu kwa *kamwene* nililojifunza asubuhi ile, akaitikia, nikaondoka. Picha ilikuwa nzuri mno. Nyuma yake niliandika: Msusi wa vikapu, Iringa.

Baada ya miaka mitatu nilirudi na nakala yake, nikitaka kumpa. Hapo ndipo nilipolijua kosa langu kwa ukubwa wake. Sikuweza kumwulizia, kwa maana sikuwa na jina la kuulizia. Nilizunguka sokoni na picha mkononi kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Mwishowe mama mmoja aliitazama akanyamaza, kisha akakaa chini. Alikuwa binti yake. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani kwao haikuwapo picha yake yoyote ila ile ndogo ya kitambulisho. Mazishi yalikwisha kufanyika pasipo picha, nayo picha hii ilikuwa katika sanduku langu muda wote huo, imeandikwa kazi yake na mji wake. Niliona ya kuwa maneno yangu na yale ya mwaka 1906 ni ya mkono mmoja. Yule daktari alikuwa na udhuru wa zama zake. Mimi nilikuwa na shahada ya isimu, nami nilizungumza na wale niliowapiga lugha moja.

Binti alinitajia jina la mama yake, na ukoo, na kijiji alikozaliwa, akanieleza majina ya hatua za ususi ambayo mama yake aliyatumia, mawili katika hayo sikupata kuyasikia kwa mtu mwingine. Niliyaandika yote nyuma ya picha. Hapa siyataji, kwa kuwa idhini aliyonipa ilikuwa ya kuandika nyuma ya picha, si ya kuchapisha.

Tangu siku hiyo nimebadili taratibu ya kazi. Mjini Mbeya na huko Tukuyu siitoi kamera siku ya kwanza. Naamkia, *ugonile*, nakaa, naeleza nitakacho, naandika jina kama mwenyewe alitamkavyo. Na siku ya pili, akikubali, tunapiga picha, na nakala yarudi kwake. Picha nipatazo ni chache, na baadhi yake kwa jicho la mwalimu wangu wa jioni ni dhaifu, maana mtu aliyekubali hujiweka sawa na kuitazama kamera, na ile hali ya kushtukizwa isifiwayo na wapiga picha hutoweka. Sikatai ya kuwa ni hasara. Mpiga habari apigaye picha ya ghasia au ya mafuriko hawezi kungoja siku ya pili, na kazi yake ina manufaa yake. Lakini mpiga picha wa ridhaa hana mhariri amngojaye. Muda ni mali yake, na kwa hiyo hana udhuru.

Limebaki jambo la kutenda. Picha za kale za nchi hii nyingi ziko ng’ambo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt yahifadhi mkusanyo mkubwa wa picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kimekusanya katika mtandao picha za wamisionari wa jumuiya nyingi, wakiwemo Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Leo mtu aliye Mbeya aweza kuzifungua kwa simu yake. Kilichokosekana ni majina, ya watu, ya vilima, ya zana, ya mitindo ya nyumba. Majina hayo hayapo Ujerumani wala Marekani. Baadhi yake yako vichwani mwa wazee wasemao Kihehe, Kibena, Kisafwa, Kinyiha na Kinyakyusa, ambao babu zao huenda wamo katika picha hizo. Uso usiojulikana na mwenye kitabu waweza kujulikana na mjukuu, au angalau aweza kulitaja pambo, mlima, au sehemu ya nyumba kwa neno ambalo hakuna kamusi iliyolipata.

Hiyo ni kazi ya wanafunzi wetu wa lugha kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wachukue picha kumi, wakae na wazee, waulize, waandike. Na wale walio na kamera zao, ambao siku hizi ni kila mwenye simu, waanze kwa kuandika jina la mtu wanayempiga leo, kwa ruhusa yake, kabla jina hilo nalo halijahitaji kutafutwa sokoni.